Bweni si Mama

Kwa miaka mingi, kila ulipofika mwezi wa Januari, jambo moja lilionekana katika vituo vya mabasi vya miji mikubwa ya nchi hii. Mtoto wa miaka sita, pengine mitano, alisimama kando ya sanduku la bati, godoro lililokunjwa na ndoo ya plastiki. Juu ya ndoo liliandikwa jina lake kwa rangi, jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa bado hajui kulisoma sawasawa. Mama alimfunga vifungo vya sweta, baba akahesabu tena risiti za benki, basi likapiga honi, na mtoto akapelekwa mbali na kwao kuanza darasa la kwanza, au hata darasa la awali, katika shule ya bweni. Wazazi walirudi nyumbani wakijipongeza kwamba wamemnunulia mwana wao maisha.

Mwaka 2023 Serikali ilikata shauri juu ya jambo hilo. Kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, Kamishna wa Elimu alielekeza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi, 2023 huduma ya bweni itolewe kwa wanafunzi wa darasa la tano na kuendelea. Walio chini ya hapo wasilale bweni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya malezi: kumlaza mtoto mdogo bwenini ni kumnyima nafasi ya kufungamana na familia yake na jamii yake.

Ingetegemewa kwamba baada ya hapo mjadala ungefungwa. La hasha. Manung'uniko bado yanasikika katika ofisi na katika vyumba vya walimu. Wapo wanaosema kwamba Serikali imeingilia uhuru wa mzazi. Wapo wanaokiona kibali maalumu kuwa ni leseni ambayo kila mwenye uwezo anastahili kuipata. Wapo pia wanaofikiri kwamba mtoto akilazwa katika nyumba ya jirani ya shule, pamoja na wenzake ishirini, chini ya mlezi wa kuajiriwa, basi hilo si bweni kwa kuwa halimo ndani ya uzio wa shule. Wanaosema hayo si wakulima wasiojua kusoma. Wengi wao ni watu waliosoma, wenye vyeo na mishahara, ambao umma huwatazama na kuwaiga. Ndiyo maana shauri hili halina budi lisemwe waziwazi. Uamuzi wa mwaka 2023 ulikuwa sahihi, na unapaswa kutetewa na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma, kwa kuwa umejengwa juu ya ukweli kuhusu namna mtoto wa binadamu anavyokua.

MTOTO HUJENGWA NA NANI?

Ukweli huo haukuletwa wote kutoka Ulaya. Sehemu yake kubwa ilionekana kwanza hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alifanya utafiti katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, nchini Uganda. Alijifunza Kiganda, akawa anawatembelea akina mama 26 majumbani mwao, akawatazama watoto wao wachanga 28 kwa muda wa miezi kadhaa. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967, na leo husomwa na wanafunzi wa malezi katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto anayeanza kutambaa humfanya mama yake kuwa kituo chake. Hutoka hapo akaenda kuchunguza ulimwengu, hugeuka kutazama kama mama bado yupo, akitishika hurudi mbio, akishatulizwa hutoka tena. Mtoto ambaye mama yake alimwelewa na kumwitikia vizuri hakudeka wala hakulialia kuliko wengine. Yeye ndiye aliyethubutu kwenda kuchunguza bila wasiwasi. Aliona pia kwamba mtoto aliyelelewa na mama pamoja na bibi, shangazi na dada zake hakupungukiwa na kitu kwa ajili ya wingi wa mikono hiyo, maadamu alikuwa na watu wake wa kudumu ambao aliwajua nao walimjua.

Mwingereza John Bowlby, ambaye mwaka 1951 aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani juu ya watoto waliokosa malezi ya mama, aliunganisha mambo ya namna hiyo katika nadharia moja. Kwa ufupi inasema hivi: mtoto huzaliwa akiwa na haja ya kumshikilia mtu fulani, na haja hiyo ni ya asili kama njaa. Ujasiri wa mtu mzima hujengwa juu ya kutoshelezwa kwa haja hiyo utotoni, na wala si juu ya kuizima mapema.

Watetezi wa bweni hujibu haraka: hao ni wachanga, mtoto wa miaka sita amekwisha kuwa mkubwa. Lakini kamba inayomfunga mtoto na wazazi wake haikatiki anapovaa sare ya shule. Hurefuka kidogo kidogo. Mwanzo haizidi urefu wa chumba; baadaye hufika uani, kisha shuleni, na jioni humrudisha nyumbani. Shule ya kutwa hufuata mwendo huo wa asili, kwani kila siku mtoto hutoka na kila siku hurudi. Bweni huichukua kamba ya urefu wa siku moja na kuivuta kwa muda wa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja.

Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anajua jinsi mtoto wa umri huo anavyouona wakati. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mtoto mdogo hufikiri kwa vitu anavyoviona na kuvishika, na kwamba kufikiri juu ya mambo ya kudhania tu hukomaa baadaye sana, karibu na miaka 11 au 12. Mtu mzima humwambia mtoto, "Utarudi mwezi wa sita." Kwa mtu mzima hiyo ni tarehe katika kalenda. Kwa mtoto wa miaka sita ni maneno yasiyoshikika. Yeye anajua leo na kesho, na anajua kwamba usiku umefika na mama hayupo.

Kisha kuna usiku wenyewe. Mtoto wa umri huo bado anaogopa giza, bado anaota ndoto za kutisha, na wapo wengi ambao bado hukojoa kitandani. Nyumbani mambo hayo humalizwa kimya kimya, kwa shuka kubadilishwa alfajiri na neno la kumtuliza. Katika chumba chenye vitanda arobaini, godoro huanikwa juani mbele ya macho ya wote, na aibu ya mtoto hugeuka kuwa utani wa shule nzima. Mlezi mmoja, hata awe mtu mwema namna gani, hawezi kuamka kwa ajili ya watoto arobaini.

Jambo la tatu ni dhamiri. Mtoto haachi kusema uongo kwa sababu amesoma kanuni ukutani. Huacha kwa sababu hataki kumhuzunisha mtu anayempenda. Anapoishi mahali ambapo wema ni kengele, foleni na adhabu, hujifunza kukwepa kengele, foleni na adhabu. Akikua akawa mtumishi wa umma, atafanya kazi vizuri maadamu mkaguzi yupo. Taifa linalolalamikia utovu wa uadilifu ofisini halina budi lijiulize uadilifu hupandwa wapi na nani. Wahenga walipolionya taifa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hawakuwa wakipamba lugha.

MAFUNZO YA MATAIFA MENGINE

Septemba 1939, vita vilipoanza, Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni moja na nusu kutoka mijini kwenda mashambani kwa siku chache tu, na wengi wao walikuwa watoto waliotengwa na wazazi wao ili wasiuawe na mabomu. Kusudi lilikuwa jema kabisa. Hata hivyo Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowalea watoto wa vita mjini London, waliona jambo lililowashangaza wengi: mara nyingi mtoto aliyebaki chini ya mabomu akiwa na mama yake hakutaabika moyoni kama yule aliyepelekwa mahali salama peke yake. Katika makao yao wakaacha kuwalea watoto kwa makundi makubwa. Wakawagawa katika vikundi vidogo vidogo mfano wa familia, kila kikundi na mlezi wake. Watoto wakaanza kugombania mlezi na kuoneana wivu, lakini usemi wao na tabia zao zikakua upesi.

Mfano wa pili ni wa watu waliofanya jambo hilo kwa imani ya kijamaa. Katika vijiji vya ujima vya Israel viitwavyo kibutsi, kwa miaka mingi watoto walilala katika nyumba ya watoto badala ya kulala kwa wazazi wao. Hawakuwa wamepelekwa mbali, kwani wazazi walilala hatua chache kutoka hapo na waliwaona kila siku. Walezi walikuwa wa kijiji hicho hicho. Kama malezi ya bweni yangeweza kufaulu kwa watoto wadogo, basi yangefaulu hapo. Mwaka 1994 wataalamu walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wachanga waliolala katika nyumba ya watoto na wale waliolala kwa wazazi wao. Waliolala kwa wazazi, karibu 4 kati ya 5 walikuwa na mshikamano wa utulivu na mama zao. Waliolala katika nyumba ya watoto, hawakufika nusu. Lakini wanakijiji wenyewe walikuwa wamekwisha kuchoka. Kijiji kimoja baada ya kingine kiliwarudisha watoto nyumbani usiku, na miaka ya 1990 ilipokwisha desturi hiyo ilikuwa imekufa.

Ni kweli kwamba watoto hao walikuwa wadogo kuliko mwanafunzi wa darasa la pili. Lakini mtu akitaka kusema kwamba kinachomwumiza mtoto wa miaka mitatu hakimgusi kabisa mtoto wa miaka sita, ni juu yake kuleta ushahidi. Mpaka sasa ushahidi unaoletwa ni wastani wa alama za mtihani.

KASUMBA

Desturi ya kumtoa mtoto mdogo kwao na kumpeleka bweni haikutoka katika mila za Mwafrika. Jando na unyago viliwatenga vijana na wazazi wao, ni kweli, lakini viliwatenga walipokuwa wanabalehe, kwa muda maalumu, chini ya wazee waliowajua tangu kuzaliwa, na kisha vikawarudisha kwao kwa ngoma na vigelegele. Mtoto wa miaka sita alikuwa na mahali pake, napo palikuwa miguuni pa bibi yake.

Desturi hii ina asili nyingine. Tabaka la mabwana wa Uingereza liliwapeleka watoto wao wa miaka saba au minane katika shule za bweni, ili wakatoke huko wakiwa watawala wa makoloni, watu waliozoea kuficha machozi na kuamuru wengine. Leo wataalamu wa huko huko Uingereza wanawatibu watu wazima walioathirika na malezi hayo. Mmoja wao, Joy Schaverien, mwaka 2015 alitoa kitabu kizima kuhusu madhara yanayowafuata hadi uzeeni watu waliopelekwa bweni wakiwa wadogo: ugumu wa kupenda, ugumu wa kusema kinachowauma, na mazoea ya kuonekana hodari nje huku ndani wamejifungia.

Wakoloni walijua pia kuitumia silaha hiyo dhidi ya wengine. Nchini Kanada, watoto wa wenyeji wa asili wapatao 150,000 walipelekwa katika shule za bweni ili wasahau lugha zao na watu wao. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi mwaka 2008, na tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2015. Huko watoto walinyang'anywa wazazi wao kwa nguvu. Mzazi wa hapa halazimishwi na mtu. Huuza kiwanja, hukopa benki, hulipa ada, kisha hushangaa likizo inapofika akiona mtoto hana neno la kumwambia bibi yake kwa lugha ya kwao.

Wapo watakaosema kwamba viongozi wengi wa taifa hili walisoma bweni. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa mfano ulio mkubwa kuliko yote. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza shule Mwisenge, Musoma, ambako alikaa bweni, mwaka 1934. Alikuwa na umri wa miaka 12! Kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuishi miaka kumi na miwili na mama yake, ndugu zake na wazee wa Kizanaki, akijua lugha yao, kazi zao, michezo yao na mabishano yao. Alipofika Tabora mwaka 1937 alikuwa kijana anayejua ametoka wapi. Bweni lilimkuta amekwisha kulelewa. Anayetumia historia hiyo kutetea bweni la mtoto wa darasa la kwanza anasoma nusu ya historia.

Tena ni Mwalimu huyo huyo ambaye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alishutumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, na akashauri kwamba umri wa kuanza shule uongezwe ili watoto wamalize masomo wakiwa wamekua. Mashule ya bweni ya sekondari yaliendelea, na yalifanya kazi ya maana ya kuwakutanisha vijana wa makabila yote. Lakini hao walikuwa vijana. Kazi ya kujenga taifa haiwezi kudaiwa kwa mtoto ambaye bado ananyolewa kucha na mama yake.

HOJA ZA WATETEZI

Hoja ya kwanza ni ya mitihani. Inasemwa kwamba shule za bweni hufaulisha. Lakini shule inayochagua watoto kwa usaili, inayotoza ada wanayoiweza wachache, na inayoajiri walimu wa kutosha, itafaulisha hata kama watoto watarudi kwao saa kumi jioni. Kinachofaulisha ni mwalimu, kitabu na chakula cha mchana. Kitanda cha bweni hakijapata kumfundisha mtu hesabu. Na hata kama alama chache zingepatikana, Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu utoto na jamii, alieleza kwamba binadamu hukua kwa ngazi, na kila ngazi husimama juu ya ile iliyotangulia. Kwanza ni kuamini watu. Kati ya miaka 6 na 12 ni kujiona anaweza kazi au kujiona duni. Ujana huja na swali la yeye ni nani. Alama zinazonunuliwa kwa kubomoa ngazi ya chini zitadaiwa na riba katika ngazi za juu.

Hoja ya pili ni ya kujitegemea. Mzazi hujivuna kwamba mwanawe wa miaka saba anafua nguo zake, anatandika kitanda na halii tena. Kufua na kutandika ni mambo mema, na mtoto wa kijijini huyafanya nyumbani kwao, pamoja na kuchota maji na kuchunga mbuzi, bila ada. Hilo la tatu, la kutolia, halina budi litazamwe kwa uangalifu. Mtoto aliyeacha kulia huenda ametulia. Huenda pia ameacha kutegemea kwamba kuna mtu atakayekuja. Mzazi anayekutana na mwanawe mara tatu kwa mwaka hawezi kutofautisha hayo mawili.

Hoja ya tatu ni ya usalama. Inasemwa kwamba mitaani kuna hatari, na bwenini kuna uzio na mlinzi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hizo ni takwimu za kutisha, na hakuna sababu ya kuficha kwamba ukatili umo nyumbani pia, na njiani, na kwa majirani. Lakini uzio hauzuii ukatili unaotendwa ndani ya uzio. Kinachomlinda mtoto mdogo ni mtu mzima anayemjua vizuri kiasi cha kugundua jioni hiyo hiyo kwamba leo hakula, leo amekuwa kimya, leo hataki kuguswa. Mtu huyo hawezi kuajiriwa kwa zamu. Na moto nao hauna habari na uzio. Septemba 2020, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, moto wa bwenini uliwaua wanafunzi 10 wa shule ya msingi. Septemba 2024, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, wavulana 21 wa shule ya msingi walikufa kwa namna hiyo hiyo.

Hoja ya nne ndiyo yenye uzito, na haifai kudharauliwa. Mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Baba amehamishiwa mkoa mwingine. Basi la shule linapita saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni. Msaidizi wa nyumbani ni binti ambaye mwenyewe bado anahitaji kulelewa. Wazazi hao hawana ubinafsi, wamechoka. Lakini kama ratiba ya kazi ya watu wazima inagongana na ukuaji wa mtoto, kitu cha kurekebishwa ni ratiba. Ofisa utumishi anayeshughulikia maombi ya mume na mke kuwa kituo kimoja anashughulikia malezi ya taifa, na jalada hilo lisikae mezani mwaka mzima. Mwajiri anayempanga mama wa watoto wadogo zamu za usiku mfululizo ajue anachokiharibu. Halmashauri inayojenga darasa karibu na makazi ya watu na kusimamia uji na chakula cha mchana inamwondolea mzazi sababu ya kutafuta bweni.

Wapo pia wanaotumia methali isemayo mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowashitaki. Mikono iliyokusudiwa na wahenga ni ya bibi, mjomba, shangazi na jirani, iliyosaidia mkono wa mama. Wahenga hawakusema kwamba mkono wa mama uondolewe.

KIBALI NI CHA NANI?

Waraka wa mwaka 2023 uliacha nafasi ya kibali maalumu, na ni haki. Wapo watoto ambao nyumba yao ndiyo hatari yenyewe, na wapo wenye ulemavu ambao shule inayowafaa iko mbali. Kwa watoto hao bweni ni msaada wa lazima, na lazima liwe na vikundi vidogo, walezi waliofunzwa, na ndugu wanaoruhusiwa kuwatembelea mara kwa mara. Mlango huo umefunguliwa kwa ajili ya mtoto mwenye shida. Ofisa wa elimu anayeufungua kwa ajili ya mzazi mwenye fedha anawaibia watoto wawili kwa mpigo: yule aliyestahili nafasi hiyo, na yule anayepelekwa mahali asipostahili kuwapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Haki hiyo ni ya mtoto, na mzazi hana mamlaka ya kuiuza kwa niaba yake.

Wala kazi haiishi darasa la nne. Mtoto wa darasa la tano anayeingia bweni anaingia pia katika umri wa kubalehe. Mwili hubadilika, aibu huongezeka, na maoni ya wenzake huanza kuwa na uzito kuliko maoni ya baba. Umri huo huweza kustahimili bweni kama msingi umejengwa, lakini haustahimili bweni lisilo na mtu mzima wa kusikiliza. Mwalimu wa zamu anayepita na fimbo kuhesabu vichwa hajafanya kazi ya malezi. Kila shule ya bweni inapaswa kuwa na walimu wa ushauri wanaojulikana na wanafunzi, wenye muda uliotengwa, na ambao siri ya kijana haigeuki mazungumzo ya chumba cha walimu.

Mwalimu ndiye anayeaminiwa na mzazi kuliko tangazo lolote la biashara. Neno lake moja katika mkutano wa wazazi, kwamba mtoto huyu mdogo alale kwao na shule itamfundisha, lina nguvu kuliko mabango yote ya barabarani. Mtumishi wa umma naye ni kioo cha mtaa. Akimrudisha mwanawe nyumbani, jirani atauliza sababu, na sababu itaenea. Mikutano ya mashina na matawi ya Chama, ambayo huzungumzia barabara na maji, ina haki ya kuzungumzia pia watoto wa mtaa wanalala wapi na nani anawaangalia jioni wazazi wanapochelewa kazini.

Taifa hili limewahi kuthubutu kusema kwamba maendeleo ni ya watu. Mtu huanza kuwa mtu akiwa mdogo, nyumbani, mikononi mwa watu wanaomjua kwa jina. Shule nzuri iwe karibu, na ikiwa karibu, mtoto aende asubuhi na arudi jioni. Ndoo yenye jina lake inaweza kungoja miaka michache. Yeye mwenyewe hawezi kungoja, maana anakua leo.